Manowari Bila Abiria: Uhakiki wa Kumbukumbu za Meli za Vita za Maziwa Makuu kwa Mtazamo wa Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna meli za vita zilizostaafu zinavyofanywa kuwa vitu vya makumbusho, hususani meli zilizopigana katika Ziwa Nyasa (Ziwa Malawi) na Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Makala inadai kwamba makumbusho ya aina hii humtukuza nahodha na mzinga, na kumsahau mpagazi aliyeibeba meli na abiria aliyebebwa nayo. Dai hilo linapimwa kwa mifano mitatu: mzinga wa HMS Gwendolen mjini Mangochi, meli ya Liemba ya Kigoma, na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iliyoko wilaya ya Dowa, karibu na Lilongwe. Mwisho, makala inatoa mapendekezo kwa watunga sera wa urithi na wa masuala ya wakimbizi nchini Malawi.

1.0 Utangulizi

Neno *manowari* limetoka katika Kiingereza cha mabaharia wa zamani, na limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu kiasi kwamba msemaji wa leo halioni tena kuwa la kigeni. Jina *Kariakoo* nalo, la soko maarufu la Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Maneno hayo mawili yanatunza kumbukumbu mbili za vita vile vile. Neno la kwanza linataja chombo, ilhali la pili linawataja watu waliobeba mizigo. Katika lugha yamekaa pamoja bila kugombana. Katika makumbusho, chombo kimepewa nafasi kubwa, na wapagazi hawajapewa nafasi inayolingana na hiyo.

Swali la makala hii linaanzia hapo. Malawi haina bandari ya bahari wala makumbusho ya manowari kama yale ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo, ni miongoni mwa nchi ambamo milio ya kwanza ya mizinga ya majini ya mwaka 1914 ilisikika. Ni pia nchi inayowahifadhi maelfu ya watu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao Kiswahili ni lugha yao ya mawasiliano, na ambao historia ya safari zao imefungamana na maziwa hayo hayo. Je, kumbukumbu ya manowari za maziwa inamhusu nani, na inaandikwa kwa ajili ya nani?

2.0 Sura tatu za manowari iliyostaafu

Manowari iliyoacha kazi inaweza kuhifadhiwa kwa sura tatu.

Sura ya kwanza ni meli nzima iliyofungwa gatini. HMS Belfast, iliyoko mto Thames jijini London, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1971. Huko Charleston, jimbo la South Carolina, meli ya kubebea ndege USS Yorktown imekuwa kiini cha makumbusho ya Patriots Point tangu katikati ya miaka ya 1970. Mgeni hupanda ngazi, hupita kwenye vyumba vya mabaharia, hugusa mizinga. Nguvu ya sura hii ni kwamba inamweka mtu ndani ya kitu chenyewe. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, chuma huliwa na maji: nyambizi Clamagore, iliyokuwa sehemu ya Patriots Point, iliondolewa mwaka 2022 ili ivunjwe kwa sababu gharama ya kuitengeneza ilikuwa kubwa kupita uwezo. Pili, meli nzima husimulia vizuri maisha ya waliomo ndani yake na kunyamazia yaliyo nje. Katika bandari hiyo hiyo ya Charleston, ng'ambo ya maji, ndipo ilipo Gadsden's Wharf, gati waliloshushiwa maelfu ya Waafrika waliouzwa utumwani. Makumbusho yanayozungumzia watu hao yalifunguliwa pale mwaka 2023, karibu nusu karne baada ya Yorktown kupokea wageni wake wa kwanza.

Sura ya pili ni kipande: mzinga, nanga, kengele. Hii ndiyo sura iliyoenea Afrika Mashariki. Meli ya Kijerumani SMS Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, lakini mizinga yake iliondolewa na kuendelea kutumika vitani nchi kavu. Mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini. Kipande hakina gharama kubwa, na hakihitaji maji. Tatizo lake ni kwamba sehemu inayochaguliwa kuhifadhiwa mara nyingi ni ile iliyoua. Ubao uliokaliwa na abiria au koleo lililoshikwa na mchochea kuni havichaguliwi.

Sura ya tatu ni adimu: manowari ambayo haikustaafu kabisa, bali ilibadilishiwa kazi. Liemba ni mfano wake mkuu, nao utajadiliwa katika sehemu ya nne.

3.0 Mangochi: mnara, mzinga na msiba

HMS Gwendolen iliteremshwa majini mwaka 1899 huko Fort Johnston, mji ambao leo unaitwa Mangochi. Katikati ya Agosti 1914, kamanda wake, Rhoades, aliifuata meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann hadi Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli nchini Tanzania. Aliikuta imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake, Berndt, hana habari kwamba vita vimetangazwa. Mizinga ikapigwa, meli ikalemazwa, nahodha akatekwa.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha marafiki wawili waliozoea kunywa pamoja, mmoja akamshambulia mwenzake kabla hajapata taarifa. Msimulizi wa vitabu vya wasafiri hupenda kuishia hapo. Uhakiki wetu unaona kwamba ucheshi huo una kazi. Unaifanya vita ya ziwani ionekane kama mchezo wa mabwana wawili, na hivyo kumwondolea msomaji haja ya kuuliza kilichofuata. Filamu *The African Queen* ya mwaka 1951, iliyochota katika vita ya Ziwa Tanganyika, ilieneza hisia hiyo duniani: ziwa la Afrika likawa uwanja wa mapenzi na ushujaa wa Wazungu, na wenyeji wakawa mandhari.

Kilichofuata hakikuwa kichekesho. Mwezi mmoja tu baadaye, Septemba 1914, mapigano makali yalitokea Karonga, kaskazini mwa ziwa. Wanaume wa Nyasaland walikusanywa kwa makundi makubwa kuwa wapagazi, wale wanaokumbukwa nchini Malawi kwa jina la *tengatenga*. Kwa makadirio ya wanahistoria, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vyote vya Afrika Mashariki wanakaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Novemba 1914, John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la *Nyasaland Times* akilalamikia Waafrika kuitwa kufa katika vita visivyokuwa vyao. Barua hiyo ilizuiwa. Januari 1915 aliongoza uasi, na mwezi uliofuata akauawa. Leo Malawi humwadhimisha kila tarehe 15 Januari. Hivyo, kati ya mlio wa mzinga wa Gwendolen na uasi wa Chilembwe ilipita miezi mitano tu. Mtu anayeutazama mzinga bila kuambiwa habari za barua ile ameonyeshwa nusu ya tukio.

Mzinga wa Gwendolen uko Mangochi, kwenye mnara wa saa uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumbukumbu ya Malkia Victoria. Mahali hapo hapo pana kumbukumbu ya MV Vipya, meli ya abiria iliyozama katika dhoruba mwaka 1946 na kuua watu 145. Ukipasoma mahali hapa kama matini, unakuta aya tatu zilizoandikwa na mikono tofauti: aya ya dola inayohesabu saa, aya ya silaha inayojivunia ushindi, na aya ya wasafiri waliokufa maji. Aya hizo hazisemezani. Hakuna anayemwambia mgeni kwamba ziwa lile lile lililobeba manowari lilikuwa njia kuu ya watu wa kawaida, na kwamba kwa idadi ya roho zilizopotea ndani ya chombo kimoja, siku ya Vipya ilikuwa nzito kuliko siku ya Sphinxhaven. Kwa maoni yetu, Vipya ndiyo iliyopaswa kuwa aya ya kwanza.

Kuna kimya kingine, nacho kinahusu meli zilivyofika. MV Chauncy Maples, meli ya wamisionari wa UMCA iliyotengenezwa Glasgow na kuteremshwa ziwani mwaka 1901, ililetwa kwa vipande 3,481. Boila lake la tani 11 liliwekwa kwenye magurudumu na kuvutwa na Wangoni wapatao 450 kwa umbali wa kilomita 100 hivi, kwa kuwa maporomoko ya mto Shire hayapitiki kwa chombo. Meli hiyo ilitumiwa pia na serikali wakati wa vita. Kwa hiyo, kabla meli ya ziwa haijabeba mtu yeyote, ilibebwa na watu. Hoja hii ingeweza kuwa kiini cha makumbusho yote ya meli katika eneo letu, kwani haina mfano katika Belfast wala Yorktown. Mradi wa kuigeuza Chauncy Maples kuwa zahanati inayoelea, ulioanzishwa kwa matumaini makubwa, ulisita kabla ya kukamilika. Meli ikabaki katikati: si chombo cha kazi, wala si makumbusho.

4.0 Liemba: manowari iliyobeba wakimbizi

Graf von Götzen ilijengwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliundwa upya na kuteremshwa Februari 1915. Ilifungwa silaha, ukiwamo mzinga mmoja wa Königsberg. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui, baada ya mafundi kuipaka mashine yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Kwa makumbusho ya kawaida, hadithi ingeishia hapo. Kwa watu wa ziwa ndipo inapoanza. Kwa miongo mingi Liemba imekuwa ikibeba dagaa, mahindi, wafanyabiashara na wagonjwa kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa Mobutu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia kuwarudisha kwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Kongo. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipokuwa wamekwama katika ufuko wa Kagunga, walioufikia kwa miguu kupitia milimani, ni Liemba tena iliyotumika kuwafikisha Kigoma.

Tukio hili linapaswa kubadilisha namna tunavyoisoma meli. Katika maisha ya Götzen, miezi ya vita haifiki hata miaka miwili. Miaka ya abiria ni mingi mno. Lakini katika vitabu na filamu uwiano huo umepinduliwa: vita imepewa kurasa, abiria wamepewa tanbihi. Kigezo kinachotumika kuamua kipi ni historia ni mlio wa mzinga. Tungetumia kigezo cha idadi ya watu ambao maisha yao yaliguswa na chombo, Liemba ingeitwa kwanza meli ya wakimbizi, kisha meli ya biashara, na mwisho kabisa manowari.

Suala la kuihifadhi limekuwa likirudi kila inapochakaa. Makala hii haishauri ifungwe gatini kama Belfast. Meli ikifungwa, abiria wake wanakuwa watazamaji wanaolipa kiingilio. Ukarabati wake, ambao serikali ya Tanzania imeuingia katika miaka ya karibuni, ni uhifadhi ulio bora zaidi, kwa sharti moja: kumbukumbu za abiria wake zikusanywe wakati wangali hai.

5.0 Dzaleka na Lilongwe: abiria na mamlaka

Dzaleka ilianzishwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, kwa makadirio ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kabla ya hapo, wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe, kwa Chichewa, hufasiriwa kuwa kauli ya mtu anayeahidi kutorudia kosa. Wakimbizi wanaoingia Malawi kutoka kaskazini hupitia Karonga, palepale palipopiganwa mwaka 1914. Ramani ya vita ya karne iliyopita na ramani ya ukimbizi wa leo zimelaliana.

Mwanahistoria Mfaransa Pierre Nora aliieneza dhana ya mahali pa kumbukumbu, yaani mahali ambapo jamii huweka kile isichotaka kipotee. Dzaleka ina sifa zote za mahali pa namna hiyo, na tena mara mbili: kama gereza la zamani na kama kambi ya sasa. Lakini wakazi wake hawakungoja taasisi iwajengee ukumbi. Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes la Plume, huwaleta wageni kambini, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi. Kambini pia kuna redio ya jamii, Yetu. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, ndani ya wilaya ya wasemaji wa Chichewa. Tofauti ya kimsingi kati ya tamasha hili na makumbusho ya manowari ni nafasi ya mtu. Kwenye manowari, aliyeishi tukio amegeuzwa picha ukutani. Katika Tumaini, ndiye mwenyeji, na mgeni ni yule anayetoka Lilongwe.

Hapa ndipo pana uzito wa suala letu. Malawi hufuata sera ya kuwaweka wakimbizi kambini, na mkimbizi huhitaji kibali ili kutoka. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wale walioishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi waliwakusanya, wakiwamo walioishi Lilongwe kwa miaka mingi. Matokeo yake kwa upande wa urithi ni haya: kijana aliyezaliwa Dzaleka, ambaye wazazi wake huenda walivuka Ziwa Tanganyika, hana njia rahisi ya kwenda Mangochi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lilongwe, kuona mabaki ya historia inayomhusu. Mtalii kutoka Ulaya anayo. Makumbusho ya taifa yanajiita ya umma, lakini sera ya makazi imekwisha kuamua nani ni umma.

Lilongwe nako kuna mnara wa kumbukumbu ya vita unaowaenzi askari wa Malawi waliokufa. Ni jengo la heshima, na linastahili. Hata hivyo, mnara humkumbuka aliyevaa sare. Mpagazi hakuvaa sare, na mkimbizi havai. Ikiwa mji mkuu ndimo sera zinamotungwa, basi taswira ya vita iliyomo ndani yake si pambo tu. Humfundisha afisa anayeipita kila asubuhi kwamba vita huzaa mashujaa, bila kumwonyesha kwamba huzaa pia watu waliopoteza makao.

6.0 Hoja kinzani

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya makala hii. Ya kwanza ni kwamba kambi iliyojaa mara nne ya uwezo wake inahitaji chakula, maji na shule, si makumbusho. Hoja hii ina haki, na hakuna pendekezo hapa linalodai fedha za chakula. Lakini mjadala kuhusu mkimbizi huendeshwa kwa picha iliyomo vichwani mwa watu. Anapoonekana kuwa mgeni aliyezuka jana, kumfukuza sokoni huwa rahisi. Anapoonekana kuwa sehemu ya historia ndefu ya maziwa, ambayo Wamalawi wenyewe waliibeba mabegani, uamuzi huo huhitaji maelezo.

Hoja ya pili ni kwamba kumfanya mkimbizi kuwa kumbukumbu ni kumdhalilisha, kumweka kwenye kabati la kioo pamoja na mzinga. Tahadhari hii ni ya kweli. Jibu lake ni utaratibu: msimulizi awe na mamlaka juu ya simulizi yake, achague lugha, achague kutotajwa jina, na aweze kuiondoa. Bila hayo, ni afadhali kunyamaza.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Manowari haziwezi kusemwa vibaya kwa kuwa chuma. Kosa liko katika masimulizi yanayokoma pale mzinga unaponyamaza. Malawi ina bahati ya kutokuwa na meli kubwa ya kuilinda dhidi ya kutu. Inaweza kuanza na watu. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, maelezo ya mzinga wa Gwendolen yaandikwe upya kwa Chichewa, Chiyao, Kiswahili na Kiingereza, yakiunganisha Sphinxhaven, Karonga, tengatenga, barua ya Chilembwe na msiba wa Vipya. Kwa kuwa Malawi na Tanzania hazijakubaliana kuhusu mpaka wa ziwa wala jina lake, maelezo hayo yataje majina yote mawili. Makumbusho hayana mamlaka ya kuamua mpaka, lakini yanaweza kukataa kuugeuza kuwa ugomvi mpya.

Pili, taasisi za makumbusho za Malawi na Tanzania zishirikiane na redio ya jamii ya Dzaleka kurekodi masimulizi ya waliosafiri kwa Liemba na vyombo vingine vya Ziwa Tanganyika, kwa masharti yaliyotajwa katika sehemu ya sita.

Tatu, vibali vya kutoka kambini vitolewe kwa makundi ya wanafunzi wa Dzaleka kwa ziara za Mangochi na za Kituo cha Utamaduni na Makumbusho cha Karonga. Jambo hili linahitaji saini, halihitaji bajeti kubwa.

Nne, mabaki ya gereza la zamani la Dzaleka yaorodheshwe kuwa urithi kabla hayajapotea. Wafungwa wa Banda na wakimbizi wa leo wamekaa katika ardhi moja kwa amri ya dola moja, na historia zao zinapaswa kusomwa pamoja.

Watafiti wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika kazi hii. Masimulizi ya abiria wa maziwa yamo katika Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura, cha Kigoma na sasa cha Dzaleka. Wengi wa waliovuka mwaka 1997 sasa ni wazee. Mzinga wa Mangochi unaweza kungoja miaka mia nyingine, wao hawawezi.